Landrova ya Baba

Msomaji mpenzi, ukifika nyumbani kwangu Iringa, jambo la kwanza utakaloliona, kabla hata hujapiga hodi, ni landrova ya kijani iliyoegeshwa chini ya mparachichi. Watu wa rika langu wakiiona husimama. Huizunguka, huipapasa ubavuni, huigonga bodi kwa ukucha, kisha huuliza swali lile lile: "Bado ni ile ya mzee?" Kwa miaka mingi nilikuwa najibu haraka haraka, "Ndiyo hiyo hiyo," na kuwakaribisha ndani. Siku hizi sijibu upesi hivyo. Swali hilo, ingawa laonekana dogo, liliwahi kunifumania katika uongo mbele ya mama yangu mzazi.

Nataka basi tulitafakari pamoja. Kitu kikibadilishwa kiungo kimoja baada ya kingine, hata kikabadilishwa moyo wake, ni nini kinachokifanya kiendelee kuitwa kile kile? Na yule aliyekibadili ana deni gani kwa wale waliokipenda?

Kwanza nilieleze gari lenyewe. Landrova ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alilipata wazo hilo kwa kutumia jipu la kijeshi la Kimarekani shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini, na chasisi ikabaki ya chuma. Ndiyo maana landrova nyingi za zamani zina bodi nzima juu ya chasisi iliyoliwa na kutu: ngozi ya kijana juu ya mifupa ya mzee. Ile ya baba ni ya toleo la tatu, lililoanza kutengenezwa mwaka 1971. Ni ile ndefu, ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na ilikuja na injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.25.

Baba alikuwa bwana shamba. Aliinunua mwaka 1984 kwenye mnada wa magari ya serikali, ikiwa tayari imechoka. Wanaoikumbuka miaka ile, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wanajua jinsi fedha za kigeni zilivyokuwa haba na spea zilivyokuwa adimu. Mtu mwenye gari linalotembea alikuwa mtu wa kijiji kizima. Landrova ile ilibeba mbolea na mahindi, ilibeba maharusi, ilibeba wajawazito usiku wa manane kwenda hospitali ya wilaya, na ilibeba majeneza. Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Mafinga, na wenyeji wa huko wanaijua baridi yake ya mwezi wa sita na wa saba. Mama alikuwa akiisikia landrova ikivuka daraja la chini, husema, "Baba yenu amefika darajani, tieni maji motoni." Baba alipokuwa akizima gari uani, maji ya kuoga yalikuwa yameanza kupata moto. Yalikuja magari mengine mengi katika barabara ile, lakini sikumbuki hata siku moja ambayo mama alitia maji motoni kwa ajili ya gari la mtu mwingine.

Baba alifariki mwaka 1996. Landrova ikabaki uani, matairi yakaisha upepo, kuku wakataga mayai kwenye kiti cha dereva. Mwaka 2001 nikaja na lori kuichukua ili niifufue. Mama alisimama mlangoni akaniambia neno moja tu: "Utairudisha." Nikamjibu, "Nitairudisha, Mama, ikiwa nzima."

Nilidhani ni kazi ya mwaka mmoja. Ilichukua miaka kumi na sita. Mshahara wa mwalimu ni mshahara wa mwalimu. Mwezi ukiwa mzuri unanunua springi moja, ukiwa mbaya unanunua nati na bolti, na mara nyingi hununui kitu. Fundi wangu, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, alianza na chasisi. Alikata sehemu zilizooza akachomelea vyuma vipya, hata ikawa karibu nusu yake si ile iliyotoka kiwandani. Kisha tukabadili springi, mabomba ya breki na nyaya zote za umeme. Milango miwili tuliinunua Makambako, kutoka kwenye landrova nyingine iliyokuwa imekufa kabisa. Usukani nao ulitoka kwingine. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kama gari bado ni lile lile, wala mimi mwenyewe sikujiuliza.

Mwaka 2008 tukafika kwenye injini. Fundi aliifungua, akaisafisha, akaniita, akanionesha kwa kidole mahali bloku ilipopasuka. Akanena maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, ukitaka gari la makumbusho, tutafute injini kama hii, hata kama itachukua miaka mitano. Ukitaka gari la kumpeleka mama hospitali, tuweke dizeli ya Toyota." Alikuwa na maana ya injini ya 3L, ya lita 2.8, ile iliyozoeleka katika Hiace na Hilux. Fundi yeyote wa mjini anaijua kwa kuipapasa tu gizani, na spea zake hazikusumbui.

Wahenga wametuusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha ukishatoboka hata magoti yakagusa sakafu, mtu afanyeje? Nikakubali.

Kuweka injini ya gari moja ndani ya gari jingine si kama kubadili taa. Matundu ya bolti ya Toyota hayalingani na ya gia boksi ya landrova, kwa hiyo hapana budi kutengeneza bamba nene la chuma la kuziunganisha. Fundi wa kereza alilifanya mara mbili. La kwanza lilikosa katikati kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikuweza kukiona. Lakini mitambo haitazami kwa jicho, na kama tungeliacha vile, beringi za gia boksi zingeanza kulia baada ya safari chache. Mikono ya kubebea injini ilikatwa na kuchomelewa upya. Rejeta ikasogezwa mbele. Bomba la moshi likapitishwa njia mpya. Kazi hiyo peke yake ilikula zaidi ya mwaka, na ilipofika mwisho wa 2009 injini ikawaka, ikagonga ile sauti ya dizeli ambayo kila abiria wa Hiace anaijua.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Injini ya zamani ilikuwa imelala kwenye uwanja wa fundi, ikichukua nafasi. Siku moja akapita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Injini ile ilikaribia kilo 200. Nikaiuza asubuhi hiyo hiyo, na fedha zake nikanunulia betri. Sikumwambia mama. Sikumwambia dada yangu wala mdogo wangu, ambao nao ni watoto wa marehemu kama mimi. Nilijiambia kwamba chuma kilichopasuka ni chuma tu.

Mwezi wa Desemba nikaenda kijijini. Mama alikuwa amekaa nje ya jiko akipukuchua maharage. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia kwa mtoto wa jicho, lakini masikio yalikuwa mazima. Nilivuka daraja, nikapanda kilima, nikaingia uani, nikazima. Nikamsikia akimwuliza mjukuu wake: "Mgeni gani huyo aliyekuja na gari?"

Nikashuka. "Shikamoo, Mama. Ni mimi. Nimekuja na landrova ya baba."

"Marahaba, mwanangu." Aliinuka, akaja akaupapasa mlango, ule mlango wa Makambako. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mbona inasema kwa sauti nyingine?"

Nikamjibu, "Tumeitengeneza injini, Mama."

Kutengeneza! Lugha yetu ni tajiri, na utajiri huo humsaidia pia mwongo. Neno hilo laweza kuwa na maana ya kukaza nati moja, na laweza kuficha injini nzima iliyokwishapimwa kwenye mizani. Mama hakuuliza tena. Akarudi kwenye maharage yake.

Niliporejea Iringa nafsi yangu haikutulia. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikakimbilia vitabu, kama afanyavyo mtu anayeogopa kukimbilia toba. Nikamsoma Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, aliyesimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakasema ni ile ile, wale wakasema siyo. Karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza utata: je, kama mtu angeziokota zile mbao za zamani zote akaunda merikebu ya pili, ipi ingekuwa ya Theseus? Nikawakumbuka mafundi wa majahazi wa pwani yetu, ambao hubadili ubao mmoja mmoja na kutia kalafati upya mwaka hadi mwaka, na nahodha hasemi hata siku moja kwamba amepata jahazi jipya.

Nikaendelea hadi kwenye kitabu cha kale cha Wabudha kiitwacho Maswali ya Milinda. Humo mtawa Nagasena anamwuliza mfalme kuhusu gari lake la kukokotwa: je, gari ni ekseli? Ni magurudumu? Ni bodi? Mfalme anakana kila kimoja, hata wanakubaliana kwamba "gari" ni jina tunalolipa viungo vikiwa vimeunganishwa pamoja. Hoja hiyo ilinipendeza kupita kiasi. Kama hakuna kitu kiitwacho landrova ya baba mbali na viungo vyake, basi sikumnyang'anya mama kitu.

Mwisho nikaukumbuka mwaka 1967, tarehe 3 Desemba, Cape Town, daktari Christiaan Barnard alipomtia Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine, wa kwanza duniani kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mgonjwa yule aliishi siku 18. Katika siku zile hakuna aliyesema kwamba mkewe anamwuguza mume mwingine. Kama binadamu akibadilishwa moyo anabaki yeye yule, seuze gari! Nikaona nimeshinda kesi. Falsafa ilikuwa imekuwa wakili wangu.

Lakini wakili akikutetea sana, yafaa umtazame vizuri. Siku chache baadaye nilikwenda kurekebisha kadi ya gari. Kadi huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini, na mtu akibadili injini hana budi kutoa taarifa ili kilichoandikwa kilingane na kilichomo. Ofisa aliyenipokea hakutaka kujua habari za Theseus. Alitaka kujua mambo mawili tu: injini ya zamani imekwenda wapi, na hii imetoka wapi. Nikamweleza yote, na hati ya mauzo nikamwonesha. Nilipotoka nje, nikiwa nimeshika karatasi zangu, nikasimama pale kwenye ngazi kama mtu aliyepigwa kofi. Serikali, ambayo haikuwahi kumngoja baba usiku, nimeiambia ukweli wote katika asubuhi moja. Mama nimemwambia "tumeitengeneza".

Ndipo nilipokielewa kisa cha Washkansky kwa mara ya pili. Mgonjwa yule aliambiwa, akaridhia. Baba wa binti ambaye moyo wake ulitolewa aliombwa ruhusa, akaitoa. Wote wenye haki ya kujua walijua kabla kisu hakijagusa ngozi. Mimi nilikuwa nimeuchukua moyo na kuuacha ukweli wake.

Pasaka ya 2010 nikarudi kijijini. Nikamkuta mama amekaa pale pale. Nikamweleza yote: mpasuko, bamba, Toyota, mizani na betri. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani amekasirika. Kisha akasema: "Gari ni chuma, mwanangu, na chuma huchakaa. Hata baba yako angeitoa. Lakini ungeniambia, ningeiaga."

Sikuwa na la kujibu. Baada ya kitambo akaniuliza chuma chakavu hupelekwa wapi. Nikamwambia huyeyushwa, nyingine zikafanywa nondo. Akacheka kidogo. "Basi iko ndani ya nyumba ya mtu," akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye maharage.

Msomaji wangu, katika sentensi ile ya mama mna falsafa ambayo sikuikuta katika vitabu vyangu. Wanafalsafa waliuliza kama kitu ni kile kile, kana kwamba jibu limo ndani ya mbao na vyuma. Mama hakuulilia uchuma. Alililia jambo moja: kwamba badiliko lilipita mbele yake bila kupewa jina, na kwa hiyo hakupata nafasi ya kuishi kati ya kilichokuwapo na kilichokuja. Mtu akipewa nafasi hiyo huaga cha zamani, hukipokea kipya, na uzi unaendelea. Akinyimwa, kesho yake huamka na kukuta mgeni amekaa kwenye kiti cha mwenyeji, huku kila mtu akimwambia kwamba ni mwenyeji yule yule. Basi naona kwamba uzi haukatwi na badiliko lenyewe. Hukatwa na uongo juu ya badiliko.

Pengine utanipinga: je, mtu akibadili kila kitu na kusema ukweli wote, gari litabaki lile lile kwa sababu tu amesema? La hasha. Kama ningeitupa chasisi na bodi, nikabakiza kibati cha namba peke yake, ukweli wenyewe ungenilazimisha kutamka: "Hili ni gari jipya, nimelibandika kibati cha baba." Kusema ukweli hakuigeuzi meza kuwa kiti. Kazi yake ni kuwaweka wote wenye fungu katika kitu hicho mahali pa kuona na kuamua. Nami sikuwa na haki ya kuamua peke yangu, gizani, kwa niaba ya mjane na watoto wenzangu.

Na jambo hili halihusu magari tu. Kijana huondoka kijijini akarudi na imani nyingine, mume hubadilika polepole ndani ya nyumba, mzee aliyekuwa mkali hulainika. Tunauliza, "Bado ni yule yule?" Mimi naona tuulize pia, "Je, ametuambia?"

Nilijaribiwa mara ya pili mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya rangi ya mwisho kukauka. Alikuja mtu mwenye fedha, mpenzi wa magari ya kale, akaizunguka landrova huku macho yanamng'aa. Alitaja bei ambayo ingemlipia binti yangu ada ya chuo mwaka mzima, na binti yangu alikuwa ameanza mwaka wa kwanza. Hakuomba kufungua boneti. Aliuliza tu, "Ni ya asili?" Ulimi wangu ulilijua lile neno la zamani: tumeitengeneza. Nikafungua boneti mwenyewe. Alitazama, akashukuru, akashusha bei hadi theluthi moja, nami nikakataa, akaenda zake. Ada ya mwaka ule niliilipa kwa mkopo uliochukua miaka mitatu kumalizika. Sikudai kwamba sikuumia.

Mama alifariki mwaka 2014, kabla kazi haijaisha. Lakini katika miaka yake minne ya mwisho nilikwenda kijijini na landrova kila nilipoweza, na mara kadhaa ilimpeleka hospitali kama fundi alivyosema. Jioni moja ya mwezi wa saba, mwaka 2012, nilifika nimechelewa, baridi kali. Nilipozima gari uani nikamwona mpwa wangu akitoka jikoni na ndoo, mvuke unafuka.

Nikamwuliza, "Nani amekwambia nakuja?"

"Bibi," akasema. "Alisema landrova imefika darajani."